Theluji Huwashinda Hata Madereva Hodari

Kila mwaka, majira ya baridi yaingiapo katika nchi za kaskazini mwa dunia, magazeti na televisheni za huko hurudia picha zile zile: magari yaliyorundikana moja juu ya jingine, malori yaliyolala ubavu katikati ya barabara kuu, na madereva waliojikunyata ndani ya makoti wakiyatazama magari yao kana kwamba ni ya watu wengine. Na kila mwaka maelezo yatolewayo ni yale yale. Watu hawajui kuendesha gari thelujini, husemwa. Mwenyeji wa Minnesota humcheka mwenyeji wa Georgia. Mfini humcheka Mwingereza. Na wote kwa pamoja humcheka mgeni aliyewasili mwaka juzi kutoka Afrika. Kila mmoja ana jirani wa kumtwika lawama.

Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, lakini nitadai katika makala haya kwamba yanapotosha zaidi ya yanavyofafanua. Wala suala lenyewe si geni kwetu kama linavyoweza kuonekana. Wanafunzi wetu huenda kusoma Minnesota, Massachusetts, Ontario na Alberta, na wengi wao hununua gari kuukuu kabla ya kununua koti la maana. Mwalimu anayemuaga mwanafunzi wake kwa fahari hana budi kujua ni kitu gani hasa kinachomngoja kijana huyo barabarani mwezi wa Desemba.

Kwanza tuliweke wazi jambo lisilobishaniwa. Gari, hata liwe zito namna gani, hushikamana na ardhi kwa vipande vinne tu vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Kuongeza kasi, kupinda kona na kusimama, yote matatu hutegemea msuguano baina ya vipande hivyo na barabara. Dereva anayekwenda mwendo wa kilomita 50 kwa saa juu ya lami kavu, akikanyaga breki kwa nguvu, husimama baada ya mita 14 hivi. Juu ya theluji iliyoshindiliwa na magari yaliyotangulia, atahitaji takriban mita 50. Juu ya barafu tupu, hata mita 100 huenda zisimtoshe. Na hapo sijahesabu zile mita 14 nyingine ambazo gari huzikata katika sekunde moja tu ya dereva kutambua hatari na kuuhamisha mguu. Hesabu hii haina siri. Mwanafunzi yeyote wa fizikia katika shule ya sekondari anaweza kuikokotoa ubaoni, na madereva wengi wa nchi za baridi, ukiwauliza wakiwa mezani, watakuambia bila kusita kwamba theluji hutaka mwendo wa pole na nafasi kubwa baina ya magari. Wanajua. Swali ni kwa nini hayo wayajuayo hayashuki hadi miguuni.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si mhandisi, na jibu langu nitalitafuta katika taaluma yangu. Kuendesha gari ni kusoma. Dereva husoma mstari mweupe ulio ukingoni, pengo lililo baina yake na gari la mbele, mlio wa tairi juu ya lami, na uzito wa usukani mikononi mwake. Katika miezi ya mwanzo husoma kwa kudodosa, herufi moja moja, jasho likimtoka. Baada ya miaka michache husoma kama msomaji mzoefu asomavyo gazeti: haoni herufi tena, huona maana moja kwa moja. Pengo la mita 20 humwambia kwamba kuna salama. Kona ya kawaida humwambia apunguze mwendo kidogo tu. Hafikiri, mguu umekwisha kufikiri kwa niaba yake.

Sasa theluji inaanguka. Baadhi ya alama hufutika kabisa: mistari ya barabarani hufunikwa, ukingo wa barabara hupotea, na mlio wa tairi hufifia kwa kuwa theluji mbichi humeza sauti. Lakini hatari kubwa kuliko zote haimo katika alama zilizofutika. Mtu akikosa herufi katika neno hujua kwamba amekosa, akasita. Hatari imo katika alama zilizobaki. Pengo la mita 20 bado ni pengo la mita 20, tena linaonekana vile vile. Kona ni ile ile aliyoipita jana. Kibao cha mwendo kando ya barabara bado kina nambari ile ile. Umbo la alama halikubadilika hata kidogo, ilhali maana yake imegeuka chini juu, na hakuna aliyepiga kengele kumjulisha msomaji.

Wanaojifunza lugha wanaufahamu mtego huu. Chukua neno letu "barafu". Wataalamu wa asili ya maneno hulinasibisha na "barf" la Kiajemi, ambalo kwa Mwajemi ni theluji iangukayo kutoka mawinguni. Kwetu sisi ni kile kigumu kinachotiwa ndani ya glasi ya maji au kinachohifadhi samaki. "Theluji" nayo tumeipata kwa Mwarabu, ambaye neno lake huweza kuwa theluji na huweza kuwa barafu. Kiswahili kimeyachukua maneno mawili ya wageni na kuyagawia kazi upya. Mwajemi anayejifunza Kiswahili hataponzwa na neno asilolijua kabisa, kwa kuwa hilo atalitafuta katika kamusi. Ataponzwa na "barafu", kwa sababu anadhani analijua. Dereva wa siku ya theluji yumo katika hali hiyo hiyo, isipokuwa yeye kosa lake huwa na uzito wa tani moja na nusu.

Na maadamu nimeingia katika maneno, niiondoe njiani ngano moja ipendwayo sana madarasani, kwamba Wainuit, waliokuwa wakiitwa Waeskimo, wana mamia ya maneno ya theluji, na kwamba kwa hiyo huielewa kuliko watu wengine. Laura Martin katika makala yake ya mwaka 1986, na Geoffrey Pullum baada yake, walionyesha jinsi idadi hiyo ilivyokuwa ikitiwa chumvi kila iliposimuliwa. Lakini hata ingekuwa kweli, isingetusaidia hapa. Mkazi wa Atlanta na mkazi wa Minneapolis wanazungumza lugha moja, na barabara zao kuu zina vibao vya aina moja. Kamusi yao ya theluji ni ile ile. Kinachowatofautisha ni kwamba mmoja wao ameshawahi kuhisi usukani ukiwa mwepesi ghafla mikononi mwake, akajua maana ya wepesi ule.

Hapo ndipo wenye kudai kwamba tatizo ni ugeni tu wanapoweza kunikatiza na kusema: basi wenyeji wa kaskazini wamepona. La, hawakupona. Mwaka 2005 watafiti wawili, Eisenberg na Warner, walichapisha katika jarida la afya ya umma la Marekani uchunguzi uliotumia takwimu za ajali za nchi hiyo kuanzia mwaka 1975 hadi 2000. Waligundua mambo mawili ambayo, yakiwekwa pamoja, yanasema mengi. Siku za theluji zilikuwa na ajali chache za kuua kuliko siku kavu, lakini zilikuwa na ajali nyingi zaidi za kujeruhi na za kuharibu magari. Kwa maneno mengine, watu kweli hupunguza mwendo, na hilo huokoa maisha, ila hawapunguzi kiasi cha kutosha. Jambo la pili ni kwamba siku ya kwanza ya theluji katika mwaka ilikuwa na hatari kubwa kuliko siku za theluji zilizofuata, na hasa kwa madereva wazee.

Tafakari hilo la mzee. Huyu si mgeni wala si kijana mwenye pupa. Ameendesha gari thelujini pengine majira 40 au 50 ya baridi. Hata hivyo, katika miezi ya joto macho yake na mguu wake vimezoea tena tafsiri ya lami kavu, na theluji ya kwanza humkuta akisoma kwa kanuni za Julai. Wiki chache baadaye amekwisha kuirudia lugha ya baridi, na ajali hupungua. Kama tatizo lingekuwa ujinga, mzee huyu angekuwa wa mwisho kuteleza.

Magari ya kisasa nayo yamezidisha utata. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne huondoka vizuri juu ya theluji mahali ambapo gari la kawaida lingezungusha tairi bure. Mwenye gari hilo huichukua alama hiyo, yaani wepesi wa kuondoka, na kuisoma kuwa ni ahadi ya wepesi wa kusimama. Ahadi hiyo haikutolewa na mtu yeyote. Magari yote, ya bei nafuu na ya fahari, husimama kwa magurudumu manne, na mpira haujali bei ya gari. Breki zinazozuia magurudumu kukwama humsaidia dereva kuendelea kuliongoza gari wakati wa kusimama, jambo ambalo ni neema kubwa, lakini juu ya theluji isiyoshindiliwa zinaweza hata kuurefusha mwendo wa kusimama. Aghalabu anayeonekana mtaroni, magurudumu yakitazama mbingu, ni mwenye gari kubwa aliyewapita wengine kwa dharau dakika tano kabla.

Kisha ipo ile iitwayo barafu nyeusi. Jina hilo ni la uongo, kwa maana barafu hiyo haina rangi. Ni utando mwembamba ulio angavu kama kioo, na weusi uonekanao ni wa lami iliyo chini yake. Dereva huona barabara iliyolowa kidogo tu, akaendelea. Hutokea sana wakati baridi iko karibu na sifuri, na hapo pana kinyume cha matarajio: barafu ya nyuzi sifuri, yenye utando wa maji juu yake, huteleza kuliko barafu ya baridi kali ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Siku ambayo mtu anaona hali imekuwa nafuu huenda ndiyo siku mbaya zaidi. Madaraja nayo huganda kabla ya barabara nyingine, kwa sababu hewa baridi hupita juu na chini yake, nayo hayana udongo wa kuyahifadhia joto. Alfajiri ya tarehe 11 Februari mwaka 2021, katika mji wa Fort Worth, Texas, mvua iliyoganda iliifunika sehemu iliyoinuliwa ya barabara kuu ya I-35W. Magari zaidi ya 130 yaligongana, na watu 6 wakafariki. Sehemu kubwa ya waliofika mahali pale walikuwa na sekunde chache tu baina ya kuona na kugonga, na katika sekunde hizo breki hazikuwa na kazi.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba mzigo wote ni wa dereva. Mtu husoma vibaya zaidi akiharakishwa, na wapo wanaomharakisha. Mfano ambao hautasahaulika ni wa Atlanta, tarehe 28 Januari mwaka 2014. Theluji iliyoanguka haikuzidi sana sentimita 5, kiasi ambacho huko Minneapolis hakiahirishi hata mkutano. Lakini ofisi za serikali, makampuni na shule ziliwaachilia watu karibu wakati mmoja, adhuhuri, theluji ikiwa tayari inaanguka. Mamia ya maelfu ya magari yakamiminika barabarani kwa pamoja. Malori ya kumwaga chumvi na mchanga, ambayo hayakuwa mengi tangu awali, hayakuweza kupita kwa sababu barabara zilikuwa zimejaa. Theluji iliyokanyagwa na magari yaliyosimama iliyeyuka, kisha ikaganda kuwa barafu. Maelfu ya wanafunzi walilala shuleni au ndani ya mabasi usiku ule. Kuna watu waliokaa ndani ya magari yao zaidi ya saa 12, wengine wakayaacha na kutembea, na mtoto mmoja alizaliwa ndani ya gari barabarani. Gavana wa jimbo aliomba radhi.

Waliocheka wakati ule, na walikuwa wengi, walisema watu wa kusini hawajui kuendesha. Lakini mtie dereva stadi wa Helsinki katika foleni ile, juu ya kilima chenye barafu, kwa tairi za kiangazi, na lori limelala mbele yake. Ustadi wake ungemsaidia nini? Mpira wa tairi za kawaida huanza kuwa mgumu baridi inaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, na kadiri unavyokuwa mgumu ndivyo unavyopoteza mshiko. Ndiyo maana jimbo la Quebec, Kanada, limewalazimisha wenye magari kutumia tairi za baridi tangu mwaka 2008. Sweden na Finland nazo zina sheria ya namna hiyo. Hizo ni serikali zilizokubali kwamba dereva hatabadilika kwa kuonywa redioni tu.

Nije sasa kwa walimu wenzangu, maana hapa ndipo mambo yanapokuwa na utamu, na uchungu pia. Mtu angedhani kwamba dawa ni rahisi: wafundishwe vijana kulidhibiti gari linapoteleza. Wapelekwe uwanjani, barafu ya kubuni imwagwe, wajifunze kuzungusha usukani na kulirudisha gari njiani. Norway ilifanya hivyo kwa madereva wapya. Utafiti wa Alf Glad, uliochapishwa mwaka 1988, ulipata matokeo yaliyowashangaza wengi: miongoni mwa vijana wa kiume, waliopitia mafunzo hayo walipata ajali za barabara telezi zaidi, si chache. Walikuwa wamefundishwa kwamba mtelezo ni kitu wanachoweza kukimudu, wakaenda kukitafuta, au angalau wakaacha kukikwepa.

Miaka minane baadaye, mwaka 1996, Nils Petter Gregersen wa Sweden alichapisha jaribio ambalo ningependa kila chuo cha ualimu kilisome, hata kama hakina nia ya kufundisha udereva. Aliwagawa madereva vijana makundi mawili. Kundi la kwanza lilifundishwa ustadi wa kufunga breki na kukwepa kizuizi juu ya barabara telezi. Kundi la pili lilitumia muda kama huo kuonyeshwa kwamba ustadi wao wenyewe una mipaka, na kwamba hali ile haitabiriki. Baadaye walijaribiwa. Makundi yote mawili yalikuwa sawa katika kuendesha. Tofauti ilikuwa moja tu: kundi lililofundishwa ustadi lilijiona hodari zaidi kuliko lilivyokuwa.

Sisi tunaofundisha tumezoea kuhesabu kujiamini kuwa ni tunda jema la masomo. Mwanafunzi asiyejiamini tunamwita dhaifu. Jaribio hilo linatuambia kwamba yapo maarifa ambayo thamani yake ni kumtia mtu shaka mahali panapostahili shaka, na kwamba maarifa hayo hayapatikani kwa kurundika stadi. Kabla ya hapo, mwaka 1981, Ola Svenson alikuwa amewauliza madereva wa Marekani na wa Sweden wajilinganishe na wenzao. Katika kundi la Wamarekani, asilimia 93 walijiweka katika nusu ya juu kwa ustadi. Kwa Waswidi ilikuwa asilimia 69. Hesabu hairuhusu zaidi ya asilimia 50. Siwezi kudai kwamba ni theluji iliyowanyenyekesha Waswidi, ingawa dhana hiyo inanichekesha na kunivutia.

Nchini Marekani kwenyewe, Idara ya Barabara Kuu ya serikali ya shirikisho imewahi kutoa wastani wa watu zaidi ya 1,300 kwa mwaka kuwa ndio wanaouawa katika ajali za barabara zenye theluji, matope ya theluji au barafu, na waliojeruhiwa kupita 116,000. Idara hiyo hiyo husema kwamba karibu asilimia 70 ya Wamarekani huishi katika maeneo yapatayo theluji ya kutosha kila mwaka. Hata hivyo, katika sehemu kubwa ya nchi hiyo mtu aweza kufanya mtihani wake wa udereva mwezi wa Julai, jua likiwaka na lami ikiwa kavu, akapewa leseni inayomruhusu kuendesha Januari. Hakuna atakayemuuliza swali jingine mpaka leseni iishe muda.

Kwa hiyo, mwanafunzi wetu anayekwenda huko asitiwe hofu kwa sababu ametoka nchi isiyo na theluji mabarabarani. Ugeni wake una faida moja, maadamu hana mazoea ya majira 40 ya kumdanganya. Theluji ya kwanza ianguapo, kama ana uwezo wa kupanda basi, na apande. Kama hana budi kuendesha, atafute uwanja mtupu wa kuegesha magari, aende mwendo wa kilomita 15 kwa saa, akanyage breki, ahesabu ni urefu wa magari mangapi yamepita kabla ya gari lake kusimama. Asifanye hivyo ili awe stadi. Afanye hivyo ili aone jinsi pengo alilokuwa akiliona kuwa kubwa lilivyo dogo, na arudie zoezi hilo kila mwaka, hata akiwa amekaa huko miaka 20.

Na wazazi wanaopiga simu kutoka huku kumuuliza kwa nini hakwenda kazini siku hiyo wakati majirani zake wote walikwenda, wamsikilize kwanza.